Wakubwa Kumi na Mmoja wa Inshirah

Kitu cha kwanza alichokiona Inshirah kilikuwa macho ya Bwana Wagdi. Miaka sita alikuwa akimpelekea kahawa pale masijala, na miaka sita Bwana Wagdi alikuwa akinyoosha mkono tu bila kuinua kichwa kutoka kwenye faili, kama mtu anayepapasa swichi ya taa gizani. Asubuhi ile ya Jumapili aliinua kichwa. Akamtazama. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akamtazama tena.

"Binti, jina lako kamili nani?"

"Inshirah."

"Hilo nalijua," alisema Bwana Wagdi, ambaye tangu mwaka wa kwanza alikuwa akimwita "wee". "Baba?"

"Abdelshafi."

"Na babu?"

"Metwalli."

Akayaandika majina yote matatu kwenye kikaratasi, akakifunika kwa kiganja, akasema, "Asante." Inshirah nusura aangushe trei.

Angependa kuuliza kulikoni, lakini alikuwa mtu wa aibu. Maneno yakimfika kooni yalipanga foleni, na mara nyingi dirisha lilifungwa kabla zamu yao haijafika. Akarudi kwenye chumba chake cha chai, kilichokuwa mwisho wa korido ya Chama cha Maghala ya Pamba, pale Damanhur. Kabla ya adhuhuri wanne wengine walikuwa wamemuuliza jina la baba na la babu. Hata Bi Safinaz, katibu muhtasi wa mkurugenzi, aliuliza kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Hadi Jumatatu jioni walikuwa wametimia kumi na mmoja, yaani ghorofa nzima isipokuwa mkurugenzi.

Nyumbani alimweleza mama yake. Mama aliweka chini bakuli la mloukhia, mboga yake ya mlenda.

"Wanaulizia ukoo? Basi kuna posa."

"Mama, ni watu kumi na mmoja. Na watano ni wanawake."

"Kumi na mmoja!" Mama akahesabu vidole vikamwishia. "Wanaoa au wanaunda timu ya mpira?"

Jumanne jibu lilibandikwa ukutani. Inshirah alisubiri korido iwe tupu, akasimama mbele ya ubao wa matangazo, kidole chini ya mstari. Shule aliiacha darasa la nne, lakini herufi hazikumtoroka. Zilikuja polepole tu, moja moja, kama wageni wa msibani. Tangazo lilisema kwamba kuanzia tarehe mosi Julai Chama kitakuwa na muundo mpya wa mishahara. Madaraja yatakuwa sita, la kwanza likiwa juu. Kila kazi itapimwa kwa alama, kwa fomu atakayoijaza mwenye kazi, na kila kazi itapewa kisanduku chake kwenye jedwali. Mwenye kisanduku ni mwajiriwa wa kudumu, ana bima na malipo ya uzeeni. Mstari wa mwisho aliusoma mara tatu. Kazi isiyokuwa na kisanduku itakoma tarehe thelathini Juni.

Inshirah alikuwa kibarua. Miaka sita alilipwa kwa siku, na jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote isipokuwa daftari la mlinzi getini. Sasa akaelewa kwa nini wiki iliyopita alikuja mtu na futi ya kupimia, akapima ukuta wa chumba cha chai, akauliza soketi ya umeme iko wapi. Alikuwa muuza mashine. Ukibonyeza kitufe inatapika chai.

Akakusanya ujasiri wa siku nzima, akamwendea Bi Safinaz.

"Bibi, naomba fomu."

"Fomu gani, mpenzi?"

"Ya kupimwa."

Bi Safinaz alimtazama kwa huruma. "Fomu ni za waliomo kwenye orodha, roho yangu. Wewe humo. Ila usijali, kuna mtu amekutaja." Akazipanga nywele zake vizuri. "Na tafadhali, kahawa yangu leo iwe ya sukari ya kadiri."

Kutajwa alikuwa ametajwa kweli. Fomu ilikuwa na maswali matano: elimu yako; miaka yako kazini; una watu wangapi chini yako; unaamua nini bila kumuuliza mtu; na ukikosea hutokea hasara gani. Swali la tatu ndilo lililowakosesha watu usingizi. Mwenye hata mtu mmoja chini yake alipata alama arobaini, na alama arobaini zilitosha kumpandisha mtu daraja zima. Lakini ofisi ile ilikuwa na wakubwa watupu. Kila mtu alikuwa mkuu wa meza yake. Basi kila mmoja, kwa siri, akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kuwa chini yake, na jicho likatua pale pale, kwenye trei ya chai. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuandika "mpika chai", kila mmoja aliipa kazi ile jina la heshima.

Fomu zilipelekwa Kairo. Wiki mbili baadaye akaja Daktari Hatim, mtaalamu aliyekodishwa kutengeneza jedwali. Alikuwa mtu mwembamba, mkoba umejaa kalamu. Haji Zaghlul wa stoo aliposikia neno "daktari" alikunja suruali na kumwonyesha goti.

"Haji, mimi ni daktari wa mishahara."

"Hata huo wangu unaumwa," alisema Haji Zaghlul, akaishusha suruali.

Daktari Hatim aliomba wafanyakazi wote wakutane ukumbini. Akafungua jalada, akawatazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia mkurugenzi, Mhandisi Ra'fat.

"Mhandisi, nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, sijapata kuona upendeleo wa ukoo kama huu. Hapa mmeajiri wasichana kumi na mmoja wa familia moja."

"Sisi?"

"Masijala kuna Inshirah Abdelshafi Metwalli, msaidizi wa usambazaji wa ndani. Ofisi yako kuna Inshirah Abdelshafi Metwalli, afisa wa itifaki na mapokezi. Stoo kuna Inshirah Abdelshafi Metwalli, mtunza bidhaa za kimiminika. Uhasibu, Inshirah Abdelshafi Metwalli..." Akafunua kurasa. "Baba alikuwa na mabinti wangapi huyu? Na majina yalikuwa yamemwishia?"

Bwana Wagdi alikuwa anasoma dari.

"Naomba niwaone," alisema Daktari. "Wote kumi na mmoja. Sasa hivi."

Wakati ule ule mlango ukafunguliwa kwa kisigino. Inshirah akaingia na trei yenye glasi kumi na tatu.

Hakuna aliyecheka, na kwa hiyo aibu ilikuwa kubwa zaidi. Daktari Hatim alipoelewa alikaa chini, akanywa nusu glasi, ndipo akasema. "Mtu mmoja hawezi kuwa na wakubwa kumi na mmoja. Nawapa siku tatu. Alhamisi nitamuuliza mwenyewe. Atakayemtaja abaki na alama zake arobaini. Waliosalia nitawakata."

Bi Safinaz akauliza kwa upole, "Na asipomtaja mtu?"

"Jedwali ni kama mti wa ukoo, bibi. Kila kisanduku kinaning'inia kwenye mstari unaotoka juu. Asiye na mkubwa hana mstari, na asiye na mstari hana kisanduku."

Inshirah aliyasikia hayo akiwa anakusanya glasi. Akimtaja mmoja, kumi watashuka daraja kwa ajili yake, na atawapelekea chai watu kumi wenye kisirani mpaka azeeke. Asipomtaja yeyote, tarehe thelathini Juni atakabidhi ufunguo, na mashine itaanza kutapika.

Siku tatu zile hazikuwa za kupumua. Bwana Wagdi alimfungulia faili jipya, akaliandika jina kwa wino mwekundu, na karatasi ya kwanza ndani yake ilikuwa onyo la kuchelewa dakika nne. Bi Safinaz aliposikia akamwandikia barua ya pongezi kwa kuwahi siku hiyo hiyo. Haji Zaghlul alikuja kila asubuhi kuhesabu vijiko.

"Kumi na tisa. Jana vilikuwa ishirini, mwanangu."

"Kimoja unacho mkononi, Haji."

"Umeona? Bila usimamizi mambo yangeharibika."

Mtu wa uhasibu aliitisha mkutano wa asubuhi mbele ya sinki, ajenda tatu, mhudhuriaji mmoja. Bwana Wagdi alimpa likizo ambayo hakuiomba. Bi Safinaz akaifuta. Haji Zaghlul akairudisha nusu. Kila mmoja alipita mlangoni na neno lake la pembeni.

"Inshirah, nani alikupa kanzu ya sikukuu mwaka jana?" alinong'ona Bi Safinaz.

"Wewe, bibi."

"Mimi sisemi kitu. Nakumbusha tu."

Bwana Wagdi alikuwa mtu wa vitisho, lakini vitisho vyake vilikuwa na adabu. "Faili lako liko kwangu, binti. Faili likipotea masijala, hata malaika halioni."

Na Haji Zaghlul alikuja na mfuko wa machungwa, akasahau alichotaka kusema, akayala mwenyewe pale pale huku akimsimulia habari za goti.

Kwa kusimamiwa kote huko, chai ikaanza kuchelewa. Ikifika saa nne, wakati wa mkate na maharage, kila meza ilikuwa ikipiga kelele.

"Wagdi! Mtu wako yuko wapi?"

"Mtu wangu? Si uliandika ni wako?"

"Ni wangu kwenye fomu! Kwenye chai ni wako!"

Alhamisi ikafika. Ukumbi ulijaa. Daktari Hatim alikuwa mbele na karatasi nyeupe, mkurugenzi upande wake wa kulia, na wale kumi na mmoja wamejipanga kama mashahidi wa kesi ya mali. Inshirah alisimama karibu na mlango. Hakuwa na trei, kwa hiyo hakujua mikono aiweke wapi.

"Kabla sijakuuliza mkubwa wako ni nani," alisema Daktari, "nahitaji kuipima kazi yenyewe. Wewe hukujaza fomu, basi nitajaza mimi. Elimu?"

"Darasa la nne."

"Ulimaliza?"

"La nne nilimaliza. La tano sikulifika."

"Alama tano. Miaka kazini?"

"Sita."

"Kumi na mbili. Watu chini yako?"

"Hakuna."

"Sifuri." Bwana Wagdi alitabasamu kidogo. Alama kumi na saba. Paka wa stoo angeweza kuzipata. "Swali la nne. Kuna jambo lolote unaloamua bila kumuuliza mtu?"

Inshirah alitazama sakafu. Maneno yakapanga foleni. Safari hii Daktari alisubiri; aliweka kalamu mezani, na hakuna mtu aliyewahi kumsubiri hivyo.

"Haji Zaghlul simpi kahawa," alisema.

Haji akazibua sikio. "Nini?"

"Tangu mwaka juzi. Presha yake. Mkewe alinipigia simu akilia. Ninachompa ni shayiri ya kukaanga, natia iliki."

"Shayiri!" Haji alisimama, goti likasahaulika. "Mimi ninayesema Misri nzima hakuna kahawa kama ya Inshirah? Nimekuwa nikinywa chakula cha punda?"

"Na presha yako ikoje, Haji?" aliuliza Daktari.

Haji alifikiri. "Nzuri," alisema kwa uchungu, akakaa.

"Endelea, binti."

"Wakulima wakija na hasira juu ya mizani, siwapi chai kwanza. Nawapa maji, halafu karkade ya baridi, ile ya maua mekundu. Chai baadaye, wakishakaa. Mtu mwenye hasira ukimpa chai ya moto, anairusha."

"Nani alikufundisha hilo?"

Macho ya Inshirah yalimponyoka yakamwendea Bwana Wagdi. Bwana Wagdi akajishika sikio la kushoto, lenye kovu la kuungua.

"Na Mhandisi akitoka kwenye simu ya Kairo, simwachii mtu aingie na karatasi ya kusaini. Nasema ana mgeni. Nampelekea chai ya anisi. Akimaliza kikombe, nafungua mlango."

Mhandisi Ra'fat aligeuka pole pole. "Ni wewe? Nilidhani watu hawa wamejifunza adabu."

Daktari alikuwa akiandika bila kuinua uso. "Tisini. Swali la mwisho. Ukikosea, au usipokuwepo, hutokea hasara gani?"

"Sijui, Bwana. Nisipokuwepo, sipo."

Hapo Bi Safinaz, ambaye ulimi wake ulikuwa ukimtangulia siku zote, akasema, "Novemba alipougua siku tatu, si tuliona?"

"Usianze, Safinaz," alisema Bwana Wagdi.

"Nianze nini? Nani aliyeacha gesi wazi mpaka zimamoto wakaja?"

"Nilikuwa nachemsha maji yako! Wewe ndiye uliyesema huwezi kuandika barua bila chai!"

"Na wapima mizani?" Haji Zaghlul akadakia, bado ana kinyongo cha shayiri. "Walisema bila chai hawapimi. Wakaenda kukaa mkahawani. Marobota arobaini yakabaki uani, mvua ikanyesha usiku kucha!"

"Ufunguo wa kabati la maturubai ulikuwa nao wewe!"

"Ufunguo hutunzwa chumba cha chai! Inshirah ndiye anayejua ulipo! Na nyinyi mkabandika notisi kwamba ni ajali ya hali ya hewa!"

"Pamba iliyolowa ilifika kiasi gani?" aliuliza Daktari kwa sauti ya upole, kalamu ikikimbia.

"Tani nane!" walisema kwa pamoja, kisha wakanyamaza kwa pamoja.

Mkurugenzi alikuwa amefumba macho. Notisi ya ajali ya hali ya hewa ilikuwa na saini yake.

"Tisini na tano," alisema Daktari Hatim. Akajumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. "Tano, kumi na mbili, sifuri, tisini, tisini na tano. Mia mbili na mbili. Daraja la tatu."

Mtu mmoja alikohoa. Bwana Wagdi, mwenye stashahada na miaka ishirini na miwili ya masijala, alikuwa na alama mia moja hamsini na nne, daraja la nne, tena pamoja na zile arobaini.

"Hesabu ina makosa," alisema.

"Mmeisema nyinyi wenyewe, mimi nimeandika. Sasa turudi kwenye jambo letu. Kwa kuwa mtu wa daraja la tatu lazima awe chini ya mtu wa juu yake, nani kati yenu kumi na mmoja ni mkubwa wa Inshirah?"

Mikono iliyokuwa tayari kuinuka ikateremka. Mtu kuwa na alama mia moja na hamsini, halafu aliye chini yake ana mia mbili. Huo ungekuwa utani wa kudumu mpaka siku ya kustaafu. Bi Safinaz alianza kutafuta kitu kwenye mkoba.

"Binafsi," alisema Bwana Wagdi, "nilimwandika kwa maana pana."

"Mimi nilihesabu vijiko tu," alisema Haji.

"Bibi?"

"Mimi namchukulia kama mdogo wangu," alisema Bi Safinaz. "Mtu hamsimamii mdogo wake."

Wakamkana mmoja baada ya mwingine, wote kumi na mmoja, na Daktari akawakata alama arobaini mmoja baada ya mwingine, kalamu ikisema chwa, chwa, chwa. Inshirah alihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Ilipofika ya kumi na moja vidole vilikuwa vimekwisha. Sasa hakuwa na mkubwa. Hakuwa na mstari.

Daktari Hatim alitazama jedwali lake kwa muda. "Kisanduku kinachofaa kuwa juu yake ni kimoja tu humu," alisema, akachora mstari mrefu uliopita katikati ya watu wote mpaka juu kabisa. "Mhandisi Ra'fat, ni wako."

"Mimi? Mpika chai aripoti kwangu moja kwa moja?"

"Mstari ndivyo unavyosema. Kisanduku kipo. Kuanzia Julai ni mwajiriwa wa kudumu."

Inshirah aliegemea mlango. Bima. Malipo ya uzeeni. Mtu wa futi arudi na mashine yake alikotoka. Alitaka kukimbia nyumbani akamwambie mama kwamba kati ya wachumba kumi na mmoja amebaki na mmoja, naye ana daraja la kwanza.

Mkurugenzi alimwinamia Daktari, akazungumza kwa sauti ambayo aliidhani ya siri. "Sikiliza, ndugu yangu. Kisanduku nakubali. Lakini daraja la tatu? Darasa la nne? Mji mzima utatucheka. Mwandike la sita, la mwisho, yeye atafurahi tu. Msichana mwenyewe hana maneno." Kisha akanyanyua uso, akatabasamu kama baba. "Si ndivyo, Inshirah? Daraja la sita, ajira ya kudumu. Umeridhika?"

Miaka sita akiulizwa swali hilo jibu lake lilikuwa moja, haya Mhandisi, na mguu tayari uko mlangoni. Wote kumi na mmoja walilisubiri. Bi Safinaz alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Inshirah alifungua mdomo, na neno lililotoka halikuwa lile. Lilikuwa neno la kila mwisho wa wiki, la kila siku ya malipo, neno alilolisuza pamoja na glasi bila kumwambia mtu, hata mama yake. Halikuwa na sauti kubwa, lakini lilifika mpaka mbele, na kalamu ya Daktari Hatim ilikuwa bado juu hewani, haijaandika kitu.

"Haitoshi," alisema Inshirah.